Kipaji cha juu, faili la nidhamu lenye madoa: ungemchagua katika drafti?

MwanaKwetu wa Dallas aliuliza:

Ndugu wapenzi wa futiboli ya Kimarekani, nawasalimu. Niwaombe radhi kwanza wale watakaofungua mada hii wakitarajia kete na ubao wa kijiweni. Drafti ninayoizungumzia ni ile ya ligi ya NFL, ambapo kila mwezi wa Aprili timu 32 hupokezana kuchagua wachezaji wanaotoka vyuo vikuu, kwa raundi saba, na walioshika mkia msimu uliopita ndio hutangulia kuchagua.

Hapa Dallas tuko saba, Watanzania na Wakenya, ambao usiku wa raundi ya kwanza hukutana sebuleni kwa shemeji yangu. Kila mmoja hupewa timu ya kuisimamia, na huja na karatasi ya majina 20 aliyoyapanga kwa mkono wake. Baada ya miaka miwili tunazitoa karatasi na kuhukumiana, na aliyekosea kuliko wote hununua mbuzi. Mwaka 2023 niliisimamia Seattle, waliokuwa na nafasi ya tano, na jina la Jalen Carter wa Chuo Kikuu cha Georgia, ambaye kwa kipaji peke yake wengi walimweka miongoni mwa watatu wa kwanza, nililikata kwa kalamu nyekundu.

Mnaikumbuka habari yenyewe. Tarehe 15 Januari mwaka ule, saa chache baada ya chuo kusherehekea ubingwa wa taifa, gari moja lilipata ajali usiku mjini Athens, na mchezaji mwenzake pamoja na mfanyakazi wa timu wakafariki dunia. Polisi walisema kwamba gari hilo lilikuwa likishindana mbio na gari alilokuwa akiliendesha Carter. Hati ya kumkamata ilitolewa mwanzoni mwa Machi, wakati yuko Indianapolis kwenye upimaji wa wachezaji walioalikwa na ligi kabla ya drafti, ikambidi arudi Georgia kujisalimisha. Mahakamani hakukiri wala hakupinga mashitaka ya kuendesha gari kwa uzembe na kushindana mbio, akapewa kifungo cha nje cha miezi 12, faini ya dola 1,000 na saa 80 za huduma kwa jamii. Katikati ya hayo, siku ya kuonyesha mazoezi chuoni kwake, alifika akiwa ameongezeka ratili tisa tangu Indianapolis, na mazoezi akashindwa kuyamaliza.

Seattle halisi nao walimwacha, wakamchukua Devon Witherspoon. Philadelphia walipanda hatua moja, kutoka nafasi ya kumi hadi ya tisa, ili wamnyakue yeye. Mnamo Februari 2025 walitwaa Super Bowl kwa kuwafunga Kansas City 40 kwa 22, na Carter alikuwa nguzo ya safu yao ya mbele ya ulinzi. Halafu Septemba ya mwaka huohuo, katika mchezo wa kwanza wa msimu, alimtemea mate kwotabeki, yaani mrusha pasi, wa Dallas, akatolewa uwanjani kabla hajacheza hata mpira mmoja. Shemeji, ambaye ndiye aliyekuwa na karatasi ya Philadelphia, alinyamaza dakika nzima, akasema, "Sasa hapo mimi ndiye nimeshinda au nimeshindwa?"

Swali langu ndilo hilo. Karatasi mpya inakuja, na kuna kijana mwenye faili la namna hiyo, ambaye simtaji kwa sababu mambo yake bado yanaendelea. Mtu anapimaje kipaji cha juu kabisa dhidi ya nidhamu ya nje ya uwanja? Naomba msinijibu kwa "inategemea". Nielezeni inategemea nini.

Mzee wa Minnesota alijibu:

Mwanangu, niliwasili Minneapolis mwaka 1997 nikiwa na koti moja jepesi, na mwaka uliofuata nikaona jambo ambalo limenifanya nisimkate kijana yeyote kwa kalamu nyekundu haraka hivyo. Randy Moss alikuwa mpokea pasi mrefu, mwenye mbio ambazo mabeki hawakuzipatia dawa, lakini faili lake lilikuwa refu kama yeye: ugomvi wa shule ya sekondari uliompeleka jela na kumkosesha nafasi ya Notre Dame, kisha bangi iliyomfukuzisha Florida State, hadi akaangukia Marshall, chuo ambacho wakubwa hawakukihesabu. Siku ya drafti ya 1998 majina 20 yalitajwa kabla ya lake. Dallas, hao jirani zako, walikuwa na nafasi ya nane na walimhitaji, wakamchukua Greg Ellis. Minnesota wakamchukua wa 21.

Msimu huohuo akapokea pasi 17 za tachidauni, yaani za kuvuka mstari wa mwisho na kupata pointi, rekodi kwa mchezaji wa mwaka wa kwanza, na timu ikashinda michezo 15 kati ya 16. Sikukuu ya Shukrani tulikwenda kucheza Dallas. Nilikuwa nimealikwa kwa bosi wangu, bata mzinga amewekwa mezani, na watu wazima wamesimama mbele ya televisheni na sahani mkononi hadi chakula kikapoa, kwa sababu kijana alishika mipira mitatu tu mchana ule na yote mitatu ikawa tachidauni, jumla ya yadi 163. Kila alipovuka mstari bosi wangu alikuwa anasema jina la mwenye timu ya Dallas, na si kwa sala.

Lakini sikwambii hadithi hii ili uamini kwamba kipaji hufuta faili, maana mwaka 2002 Moss huyohuyo alimsukuma kwa gari ofisa wa trafiki katikati ya mji wetu, akakiri kosa na kulipa faini. Ninachotaka ukione ni nyumba aliyoingia. Katika chumba kile cha kubadilishia nguo alikuwemo Cris Carter, mpokea pasi mkongwe ambaye Philadelphia walimwachilia mwaka 1990 kwa ajili ya ulevi na dawa, na Minnesota wakamchukua kwa ada ya dola 100. Alikuwa ameacha pombe, amekuwa mtu wa sala na mazoezi, na akamchukua kijana chini ya bawa lake. Nani angeweza kumwambia Moss "usinidanganye, njia hiyo nimeipita" isipokuwa aliyeipita kweli?

Vivyo hivyo Tyrann Mathieu. Chuo Kikuu cha LSU kilimwondoa timuni mwaka 2012 kwa kukiuka kanuni za dawa, Arizona wakamchagua wa 69 mwaka 2013, na tayari walikuwa na Patrick Peterson, rafiki yake wa chuoni, wa kumwangalia. Na huyo Jalen Carter wako, Philadelphia tayari walikuwa na wachezaji wawili wa chuo chake cha Georgia katika ulinzi wao kabla hajafika. Kwa hiyo kabla ya kuuliza kijana ni nani, uliza atakaa na nani. Cleveland walimchukua Johnny Manziel wa 22 mwaka 2014, wakamkabidhi timu ambayo yenyewe ilikuwa haina mwenyewe, na Machi 2016 wakamwachilia.

Fundi Viatu alijibu:

Mzee, shikamoo. Nakubaliana nawe juu ya nyumba, ila nina la kuongeza, kwa sababu nimefanya kazi miaka sita katika chumba cha vifaa cha timu ya chuo kimoja cha Kusini. Kazi yangu ni kufua jezi, kubadilisha njumu na kukaza skrubu za kofia. Skauti wa NFL, yaani wasaka vipaji, hupita kwetu kila vuli, na wenye akili hawaendi kwa kocha kwanza, kwa kuwa kocha ana sababu zake za kumsifu mtoto wake. Huja kwetu, kwa mpishi na kwa mlinzi wa mlango wa nyuma.

Mmoja alinikuta nikihesabu soksi. Hakuniuliza lolote juu ya mbio wala nguvu. Aliniuliza kama kijana fulani huweka taulo kapuni au huliacha sakafuni, na kama huwa hivyo hata siku asipotazamwa na mtu wa maana. Aliniuliza hurudi na nani nyumbani baada ya mchezo. Aliniuliza alifanyaje wiki ile aliyowekwa benchi. Swali hilo la mwisho aliliuliza mara mbili, na jibu akaliandika. Nilimwambia kweli: wiki ile kijana alifika wa kwanza mazoezini siku mbili, siku ya tatu hakufika kabisa, na siku ya nne alinituma nimwambie kocha kwamba anaumwa, hali alikuwa amesimama mbele yangu akila ndizi.

Kutokana na hayo, ndugu wa Dallas, mimi hulifungua faili mara mbili. Mara ya kwanza natafuta uzito wa kosa. Mara ya pili natafuta kama kosa lina ndugu zake. Kijana aliyefanya jambo moja baya usiku mmoja ni tofauti na aliyefanya madogo 12 katika miezi 12, hata kama hayo 12 hayakufika polisi, maana ya pili ni tabia na tabia husafiri naye. Nitasema jambo ambalo huenda likawaudhi wengine: kwa anayejaribu kukisia kesho ya Carter uwanjani, zile ratili tisa zilikuwa na habari nyingi kuliko ile hati ya kukamatwa. Ajali ni nzito mara elfu, watu wawili walikufa. Lakini kijana anayejua kwamba ligi nzima inamtazama, mamilioni ya dola yako mezani, na bado anafika kwenye mazoezi ya mwisho akihema, anakuambia kitu juu ya Jumatatu zake zote zijazo. Philadelphia walilisoma hilo na wakaona wana wakufunzi wa kulirekebisha. Timu yenye uongozi dhaifu ingelisoma hivyohivyo na ilipaswa kumwacha.

Kitu kingine ni kwamba uzito wa makosa hubadilika na nyakati, na skauti asiyebadilika hupotea njia. Warren Sapp aliporomoka hadi wa 12 mwaka 1995 kwa habari za bangi, Tampa Bay wakamwokota, na sasa yumo katika ukumbi wa magwiji. Mwaka 2016, dakika chache kabla ya drafti kuanza, mtu aliingia katika akaunti ya Laremy Tunsil na kuweka video yake akivuta kwa barakoa ya gesi. Dunia nzima ikaona, timu zikaingiwa hofu, na kijana akaporomoka hadi wa 13 kwa Miami. Miaka mitatu baadaye Houston walitoa nafasi mbili za raundi ya kwanza na moja ya raundi ya pili, pamoja na mengine, ili wampate. Tangu mkataba wa wachezaji wa 2020, kupatikana na bangi tu kwenye kipimo hakumfungii mchezaji tena. Waliomwacha Tunsil walimwacha kwa kanuni ambayo haikumaliza hata miaka minne.

Mama Nuru, Ohio, alijibu:

Kaka Fundi, nimekusoma kwa makini na mengi nimeyapenda, hasa habari ya taulo. Lakini sikubali ratili tisa zisimame katika sentensi moja na watu wawili waliokufa, hata kwa kukisia tu. Mimi kazi yangu ni katika nyumba ya hifadhi ya wanawake waliokimbia vipigo, na pengine ndiyo maana neno "nidhamu" linapotumika kwa kila kitu, tangu bangi hadi ngumi, huwa nasimama.

Lawrence Phillips wa Nebraska alimburuta msichana aliyekuwa mpenzi wake mwaka 1995. Kocha wake alimsimamisha michezo sita, akamrudisha kabla msimu haujaisha, na akaanza katika mchezo wa ubingwa ambao Nebraska waliwafunga Florida 62 kwa 24. Aprili iliyofuata St. Louis walimchagua wa sita. Ili kumpisha, siku ileile walimpeleka Pittsburgh mkimbiza mpira wao Jerome Bettis, aliyekuwa hana kesi na mtu. Phillips aliachwa na timu hiyo Novemba 1997 na hatimaye alifia gerezani mwaka 2016. Bettis alikimbiza mpira zaidi ya yadi 10,000 kwa Pittsburgh, akastaafu na pete ya Super Bowl, na mwaka 2015 akaingia ukumbi wa magwiji. Watu husimulia habari hii kama hasara ya biashara. Yule msichana katika masimulizi hayo hana hata sentensi moja baada ya ngazi alizoburutwa.

Na msinijibu kwamba basi wakorofi wa aina hiyo hufeli wenyewe, maana si kweli. Tyreek Hill alikiri kosa la kumpiga na kumkaba mpenzi wake aliyekuwa mjamzito, Oklahoma State wakamfukuza, na Kansas City wakamchagua wa 165 mwaka 2016. Akawa miongoni mwa wapokea pasi bora wa kizazi chake na akatwaa ubingwa. Joe Mixon alimpiga msichana ngumi mgahawani mwaka 2014, video yake ikaonekana miaka miwili baadaye, ligi ikakataa kumwalika Indianapolis, na bado Cincinnati walimchukua wa 48 akacheza vizuri miaka mingi. Ukipima kwa matokeo ya uwanjani peke yake, jibu ni "mchukue, ila kwa bei ya chini", na bei ya chini ndiyo tuliyompangia mwanamke aliyepigwa.

Kwa hiyo, ndugu wa Dallas, mimi ningeandika karatasi ya kwanza kabla sijatazama video hata moja ya mchezo. Humo ningeorodhesha matendo ambayo mtendaji wake haingii katika timu yangu kwa raundi yoyote ile, awe na mbio za duma. Ukisubiri hadi umeona anavyokimbia, macho yatakutafutia sababu. Bangi ya Tunsil haimo katika karatasi hiyo. Phillips yumo. Ajali ya Carter ilinisumbua sana, na nikiri kwamba ningemwacha katika karatasi ya pili, ile ya kujadiliwa, kwa kuwa sikuona nia ya kumdhuru mtu. Lakini kabla ya kumchagua ningetaka nimwone anasemaje juu ya waliokufa, wakili akiwa nje ya chumba.

Fundi Viatu alijibu:

Dada, umenirekebisha, nimepokea. Sentensi ile ningeiandika upya kama ningeweza.

Karani wa Hesabu alijibu:

Mmezungumza juu ya roho na nyumba, niongeze fedha kidogo halafu niondoke. Sam Bradford, wa kwanza katika drafti ya 2010, alisaini mkataba wa miaka sita wa dola milioni 78, ambapo milioni 50 zilikuwa za uhakika. Mwaka uliofuata makubaliano mapya yakaweka kiwango maalumu kwa wachezaji wapya, na Cam Newton, wa kwanza vilevile, akasaini miaka minne kwa milioni 22. Tangu hapo kukosea katika raundi ya kwanza hakufilisi klabu tena, na ndiyo sababu mojawapo timu zimekuwa jasiri kuliko zama za Moss. Zaidi ya hayo, mikataba huwa na vifungu vinavyofuta fedha za uhakika mchezaji akifungiwa na ligi. Hasara inayobaki ni ya nafasi yenyewe, kwa kuwa aliyechukuliwa na mwenzako baada yako harudi.

MwanaKwetu wa Dallas alijibu:

Mzee, Mama Nuru, Fundi na Karani, nawashukuru. Jana usiku nilimsomea shemeji majibu yenu yote, naye alikuwa akikatakata kitunguu na akajifanya machozi ni ya kitunguu nilipofika habari ya Phillips.

Nimefanya alivyosema Mama Nuru. Nimeanza na karatasi ya kwanza, na ina matendo matano tu, bila jina la mtu yeyote. Yule kijana ambaye simtaji nilipomlinganisha nayo hakuangukia humo. Anaangukia katika ile ya kujadiliwa: makosa madogo manne katika miaka mitatu, mawili ya kuchelewa mikutano ya timu, moja la ugomvi wa bwenini, na moja ambalo bado linachunguzwa. Kwa kipimo cha Fundi, hayo yana undugu. Kwa kipimo cha Mzee, timu niliyopewa mwaka huu imebadilisha kocha mara mbili ndani ya misimu mitatu, na nikitafuta chumbani mwao mtu mmoja aliyepita njia hiyo akarudi, simwoni.

Kwa hiyo nimemshusha kutoka wa nne hadi wa 19, chini kuliko nafasi yetu ya kwanza, ambayo ni ya saba. Shemeji anadai nimeogopa. Yeye amemwacha wa nne, lakini amepewa timu yenye kocha aliyekaa miaka 12, na nimemwambia kwamba tukibadilishana timu hata mimi ningemwacha wa nne. Amekubali tuliandike hilo nyuma ya karatasi zote mbili na kutia saini, ili mwaka wa kuhukumiana ukifika mtu asije akadai mbuzi kwa hoja ambayo hakuwa nayo leo. Kuhusu ule wa 2023 bado hatujaelewana. Witherspoon amecheza vizuri mno kiasi kwamba siwezi kuitwa mkosaji, na Carter ana pete. Mbuzi amenunuliwa na binamu ya shemeji aliyekuwa na karatasi ya Carolina.

Mzee wa Minnesota alijibu:

Marahaba, Fundi, nilichelewa kuiitikia. Na wewe mwanangu wa Dallas, lile moja linalochunguzwa lifuatilie hadi siku ya drafti yenyewe. Tunsil alianguka dakika za mwisho, mjumbe wa timu akiwa tayari ameshika kalamu.